Wa Tatu

Sanduku lilikuwa wazi kitandani mama aliponipigia simu kutoka Cần Thơ, mji wetu wa nyumbani.

"Msalimie sana," mke wangu akasema, akisukumia pakiti nyingine ya jibini kati ya mashati yangu. "Na usianze siasa uwanja wa ndege, mzee wa maandamano!"

Nilicheka. Kila Jumamosi nilisimama mbele ya ubalozi wa serikali ya kwetu hapa Oslo, nikidai uchaguzi huru na wafungwa waachiliwe. Sasa ghafla walikuwa wamenipa viza, eti kwa kuwa mama anaumwa.

Na kweli alikuwa anaumwa. Sauti yake ilikatikakatika.

"Njoo tu, mwanangu. Maofisa ni watu wema, wamesema yamekwisha. Nakusubiri, Wa Tatu."

Nikaliweka chini shati nililokuwa nakunja.

Kwetu kusini, mtoto wa kwanza huitwa Wa Pili, ili mashetani wasimjue aliyetangulia. Wa Pili ni mimi. Wa Tatu alikuwa mdogo wangu, aliyefia kizuizini. Mama hajawahi kutuchanganya, hata akiwa na homa kali.

Nyuma yake mwanamume alikohoa. Mama anaishi peke yake.

"Wa Tatu, umenisikia?"

Mfukoni nilikuwa nimeishika rozari aliyonipa siku nilipoondoka. Niliibana hadi msalaba ukaniuma kiganjani.

"Nimekusikia, mama. Nakuja. Nipikie ule mchuzi mchachu wa samaki."

Akashusha pumzi ndefu. Nikaiachia rozari, nikaanza kutoa mashati sandukuni, moja moja, taratibu.