Kidari cha Krismasi

Kidole cha Theodora kilikuwa kimeshagusa kitufe chekundu cha redio kaseti. Angekibonyeza tu, sauti ya Bibi Lukresia ingefutika, na Moshi nzima hakuna ambaye angejua. Mtoto alikuwa ananyonya huku amemkodolea macho, kama anayesubiri kuona mama yake ni mtu wa namna gani.

Akaurudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena.

"Kidari cha mbuzi wa Krismasi hatukili hapa," bibi alikuwa akisema taratibu kutoka jikoni kwake Kibosho. "Ni cha Elisaria wa Uru. Mama yake alizaliwa nyumba hii, tumbo moja na baba mkwe wangu. Kila mwaka tunampelekea."

Lukresia alikuwa bibi mzaa mama wa Aristides, mwanafunzi wake. Na Elisaria wa Uru, Theodora alimfahamu vizuri: ndiye bibi mzaa mama wa Digna, mchumba wa Aristides.

Darasa la historia za koo lilikutana kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa parokia, Kiboriloni. Theodora alilianzisha mwaka ule alipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, akiwa na kabati moja, redio kaseti ya kuazima na tumbo la miezi sita. Watu walileta picha zilizokunjamana, yeye akawafundisha kuwahoji wazee wao. Hakuanza na majina, maana majina mengi yalibadilika watu walipobatizwa. Alianza na nyama.

"Kaulizeni nyumbani, sikukuu mbuzi akichinjwa, kipande gani huenda kwa nani," aliwaambia. "Kidari hakipelekwi kwa mtu baki."

Watu walicheka, lakini walikwenda kuuliza. Mzee Filemon alikuwa amekuja kutafuta ushahidi kwamba yeye ni wa ukoo wa mangi, mtawala wa Wachagga wa zamani. Akagundua kwamba babu yake alichunga mbuzi wa mangi. "Si haba, ni huko huko ikulu," alisema, na tangu siku hiyo hakukosa kipindi.

Digna na Aristides waliingia pamoja mwezi wa Januari, wakakaa benchi moja, mkoba wa Digna katikati.

"Shida yetu ni hii, mwalimu," Digna alisema. "Baba zetu ni marafiki wa siku nyingi, wameshanyweshana mbege, pombe ya kukubaliana uchumba. Harusi ni baada ya Pasaka. Sisi tunataka kujua kama ni ndugu. Tujue kabisa kabisa."

Theodora akawapenda hapo hapo. Vijana wa siku hizi, nani kati yao anajali mambo hayo? Akaapa moyoni kwamba harusi hiyo ataicheza na mtoto mgongoni.

Alianza na ukoo wa baba, huku na huku. Hakuna udugu. Aliwapa habari hiyo akitabasamu mpaka jino la mwisho. Aristides akainamisha kichwa.

"Na upande wa kina mama?" akauliza.

Wakaenda kwa bibi wazaa baba. Hakuna kitu. Digna akaanza kuuma kucha.

"Tusiharakishe, mwalimu. Chimba tena, tafadhali."

"Wamependana mpaka wanaogopa," alinong'ona Mama Martha, muuza mitumba wa pale sokoni, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi wangu hata jina la mama yake nilikuja kulijua kanisani."

Hivyo wakafika kwa bibi wazaa mama, na kaseti, na kitufe chekundu.

Theodora akaondoa kidole. Kwa padre udugu wa mbali namna hiyo huenda ungepita. Kwa wazee haupiti. Watu wanaopelekeana kidari hawaoani, na wakioana maneno yatawaandama mpaka kwa wajukuu. Ni afadhali walie sasa wakiwa bado vijana. Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka Kiboriloni.

Hakuzunguka. Alisimama mbele ya darasa, akawaita wawili wale kwa majina.

"Wadogo zangu, nisameheni. Bibi zenu wanakula mbuzi mmoja."

Mama Martha akavuta kanga, akajifuta macho. Digna akashika ukingo wa meza.

"Una hakika, mwalimu?"

"Nimesikiliza mpaka betri zimechoka. Ninyi ni kaka na dada."

"Ngojeni kwanza," Mzee Filemon akasema. "Twendeni kwa padre. Huwa kuna ruhusa ya..."

"Hapana," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Aristides akalainisha sauti. "Shikamoo sana, mzee wangu, lakini mila ni mila. Ninachoomba, mwalimu aje na hiyo kaseti aseme hayo hayo mbele ya baba zetu. Kesho, baada ya misa. Itawezekana?"

Theodora akaitikia kwa kichwa. Wakaaga kwa adabu, wakatoka.

Alijaribu kuendelea na kipindi, ikashindikana. Akamkabidhi Mama Martha mtoto, akawafuata. Aliwakuta nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji. Digna alikuwa ameegemea ukuta, uso ameuzamisha kwenye kanga, mabega yakitikisika. Aristides alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Theodora alisogea taratibu, akitafuta neno la kuanzia.

"Acha kucheka, dada yangu, watatusikia," Aristides alikuwa akisema, naye pumzi zimemwishia. "Panda gari la Holili leo leo, ukamwambie Vedastus wako alete posa kabla baba yako hajakumbuka rafiki mwingine mwenye kijana. Mimi nakimbia Shirimatunda, kwa Doris."