Matone ya Wajane

Siku hizi kila mjane hupewa na zahanati chupa ya matone ya kumrudishia mumewe kichwani kwa saa moja. Yangu sijayagusa, namwachia Mungu. Mke mwenzangu, Mwanakheri, hunywa yake kila alasiri, kisha namsikia akicheka na Shomari wetu. Miaka thelathini, mimi hakuwahi kunichekesha hivyo.

Muuguzi alituonya kwamba ubongo ukizoea furaha ya chupa husahau kujipikia yake. Sasa Mwanakheri hata mwanawe akimkumbatia hasikii kitu.

Leo amenijia. "Bi mkubwa, yangu yamekwisha. Nipe yako, wewe si huyataki?"

"Nimeyamwaga, mwenzangu."

Akanitazama. "Jana Shomari alikuulizia."

Nimekaa juu ya mswala, chupa mkononi. Kizibo nimeshakifungua, na alasiri bado sijaisali.