Mafuta ya Mdogo Wake

Domenica aliuchomoa mrija wa kioo kwenye mashine ya sumaku inayochambua mafuta. Mafuta ya zeituni yaling'aa ndani yake, ya kijani, mazuri mno.

Skrini haikuonyesha hata chembe ya mafuta mengine. Mdogo wake, aliyeachiwa shamba na baba yao, angeshinda tena shindano la mafuta la mkoa mzima wa Puglia, Italia.

Simu ikaita. "Dada, vipi mafuta yangu? Safi?"

Domenica akajibu kwa wivu: "Umechanganya na alizeti."

"Sijachanganya, naapa. Lakini wewe huwezi kunidanganya. Labda tangi halikuoshwa vizuri. Acha niyamwage, usije ukaaibika kazini kwa sababu yangu."

Kabla Domenica hajafumbua mdomo, alisikia kwenye simu koki ya tangi ikifunguliwa, na mafuta ya mwaka mzima yakaanza kumwagika sakafuni.