Macho Yalipofika Chini

Ulimwona Sikujua, jirani yetu, akitoka ofisi ya hati analia, ukainama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Mimi sisahau.

Sheria unaijua: ukifungua hati kwenye kompyuta ya nyumbani na macho yako yakafika mstari wa mwisho, umeshatia sahihi. Hati iliyochapwa kwenye karatasi ndiyo pekee bado inataka mkono na kalamu.

Sikujua hajui kusoma. Watu wa ofisi hiyo walimtumia hati yenye picha ya marehemu mumewe, wakamwambia iko chini kabisa, ukurasa wa kumi na nne. Akashuka taratibu mpaka akamfikia, akamtazama, akatabasamu. Kompyuta ikasema, "Asante kwa kukubali." Alikuwa amekubali kaburi la mumewe lihamishwe kupisha barabara.

Ofisini karani akamuuliza, "Haya bibi, jina?"

"Sikujua."

"Wote mnasema hivyohivyo. Nimeuliza jina."

"Ndilo jina langu, mwanangu. Sikujua Mwakalinga."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nawe ulicheka, kabla ya hizo kamba za viatu.

Jumatatu wanakuja na majembe. Nilimuuliza mbona hakuniita nimchapie. "Wewe una makelele," akasema, "nami nilitaka kumwona tu."

Barabara ile inapita kwako pia. Hati yako imeshaingia; usishuke nayo hata mstari mmoja. Kitufe cha kuchapa kiko juu, kushoto. Kibonye sasa hivi, uje na karatasi tuisome kwa sauti.