Diski ya Mama

Faili lilikuwa limeguswa saa mbili na dakika nne asubuhi. Fundi akashusha pumzi. Mama mzima.

Ndivyo alivyomjulia hali siku hizi. Alifika ofisini, akawasha kompyuta, akatazama orodha ya diski, na pale chini kabisa ilikuwepo yenye herufi M. Aliiunganisha mwenyewe, fundi wa mitandao asiyeshindwa kitu. Sanduku dogo la kuhifadhi mafaili alilitia kabatini sebuleni kwake, akabandika neno la siri ubavuni asije akalisahau. Kisha kompyuta ya Mama kule kwao, na hii ya ofisini, akazifanya zote zilione sanduku lile kama diski zao wenyewe. Mama akiandika kule, huku maneno yanaonekana papo hapo, kana kwamba wamekaa meza moja.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mkewe alimwambia siku ile.

"Hii yangu inaua," akajibu, na alicheka peke yake.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mama aliandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, maneno yakigongana: mapazia mapya ya jirani na wekundu wake wa kuumiza macho, paka wa watu aliyetumbukia kwenye ndoo. Fundi alimjibu ukurasa mzima. Baadaye kazi zikamwandama. Majibu yakawa mistari miwili, kisha mmoja, kisha neno moja tu, lile lile kila siku: "Nimesoma."

Mama hakulalamika hata siku moja. Tena uandishi wake ulinyooka, nukta na mkato kila kimoja mahali pake, mpaka Fundi akamtangaza ofisini kote kwamba bibi wa miaka sabini na mbili amehitimu kompyuta. Leo alikuwa ameandika:

"Nimelala vizuri. Mvua imepiga bati usiku kucha. Jirani anaoka mikate, harufu imejaa mpaka uani. Usijisumbue kuja, najua una kazi."

Sentensi ile ya mwisho haikukosekana siku hata moja, na kila siku ilimchoma. Akaandika "Nimesoma," akafunga faili haraka.

Karani wa mapokezi, mwanamke mtu mzima asiyejua kuuma maneno, alimkuta bado ameikodolea macho herufi M.

"Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ameandika asubuhi hii."

"Na sauti yake? Umeisikia lini mara ya mwisho?"

Fundi akahesabu kimoyomoyo. Miezi kumi na moja. Na kwao ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Mwezi uliopita alikwenda mbali kuliko hapo kumchomolea mteja karatasi iliyokwama kwenye printa. Simu ilidai muda, ilidai "enhe" na "pole" na "watoto je". Faili halikudai kitu. Aliona haya mbele ya yule karani, na haya hiyo alirudi nayo nyumbani.

Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa mezani ameifungua kompyuta ya nyumbani, ile anayotazamia mishono.

"Umesoma ya Mama?"

"Nimesoma."

"Ukamjibu nini?"

"Si nimemjibu!"

"Saa mbili kwa gari si safari, baba watoto," mkewe akasema, akarudi kwenye mishono yake.

Usiku kucha Fundi aligeuka huku na huku, nafsi ikimsuta. Ni yeye aliyemtia mama yake kwenye diski kama risiti za zamani, kisha akajiita mwana mwema. Kulipopambazuka, Jumamosi, aliondoka akinyata. Mkewe alipoinua kichwa, Fundi akamwambia seva ya ofisi imekufa, lazima aende kuifufua. Hakutaka kusifiwa kwa jambo alilopaswa kulifanya zamani.

Alifika saa mbili kasoro dakika chache. Mlango ulikuwa wazi. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, waya wake umeviringwa na kufungwa kamba vizuri kabisa. Labda bado hajaanza kuandika ya leo, Fundi akawaza, na akafurahi kwamba leo hatakuwa na haja ya kuandika.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso mlangoni, akichambua maharage polepole kwa ncha za vidole. Amekonda. Simu ilikuwa inaning'inia kifuani kwa kamba.

Fundi akasimama kwenye mwanga, akatabasamu bila kusema kitu, akingoja ile sauti ya furaha aliyoikumbuka njia nzima.

Mama akainua uso, akamwelekea moja kwa moja, lakini macho yakampita kama hayupo.

"Karibu," akasema. "Nani mwenzangu?"

Kabla Fundi hajajibu, simu ikalia. Mama akaipapasa kifuani, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, akanyoosha kiganja kuelekea mlangoni.

"Nisubiri kidogo, mgeni. Huyu hunipigia kila siku saa hizi."

Sauti ikajaa chumbani, changamfu, sauti ya mkewe.

"Shikamoo, Mama! Haya, nimeshakaa kwenye kompyuta. Leo tumwandikie nini?"