Kabati Lililogonga

Hivi wewe, ukibeba kabati likakugongea kutoka ndani, utaendelea kulibeba? Punda aliendelea. Alikuwa kuli kwenye kampuni ya Fisi ya kuhamisha vyombo, na hakuzoea kubishana.

"Bosi, humu mna mtu."

"Wee! Sisi ni lojistiki, siyo polisi. Beba, kastoma anasubiri!"

Kwenye nyumba mpya, kastoma Chui alilifungua. Akatoka Mbuzi, mtumishi wake wa ndani, amefungwa kamba miguuni.

"Kaka Punda," alinong'ona, "niliposikia sauti yako nilijua nimepona."

Punda alikosa pa kuuficha uso. Chui akamsukumia Mbuzi jikoni, akafunga mlango.

Haya, mabosi wa kuhamisha vyombo, sera zenu za Kiingereza za kupinga utumwa zibandueni ukutani, plizi, na leo hii mrudi kwa Chui mkamtoe Mbuzi.