Bomba la Kigoma

Bomba jipya la moshi, la bei ya chee kutoka Kigoma, lilibana chuma cha usukani. Fundi Odile akazungusha usukani tena: kulia gari linakubali, kushoto linagoma.

"Funga hivyo hivyo," akasema mwenye gari, akipangusa suti yake ya abakosti. "Kitu kipya hakipigwi nyundo."

"Na kwenye makona ya milima ya Pepa, Papa, watu wamejaa nyuma?"

"Sitwayeni Odile, gari njo ya nani?"

Odile akalifungua bomba, akalilaza kwenye makaa hadi likaiva jekundu. Mwenye gari, ili kumzuia, akakanyaga kile kipande cha reli ambacho Odile hufulia chuma, kiatu kikimeta.

Odile akalitoa bomba kwa koleo, akalilaza juu ya reli kando ya kiatu, akainua nyundo.

"Toa mguu, Papa. Ao uuache hapo. Mimi ninapiga."